Furaha ya Kudumu katika Nyimbo za Kikristo za Kiswahili: Tafakuri kutoka Mavivi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza dhamira moja iliyozoeleka mno katika nyimbo za Kikristo za Kiswahili, yaani furaha idumuyo ambayo muumini huipata kwa imani. Wahakiki wetu wameipitia dhamira hii haraka. Wengine wameiita kasumba inayomsahaulisha mnyonge unyonge wake. Wengine wameisifu kwa sababu za kidini tu, bila kuuliza kama wimbo wenyewe umetungwa vizuri. Hapa tunashikilia kwamba swali la kifasihi na swali la imani haliwezi kutenganishwa: wimbo unaoahidi furaha bila kuutaja msiba una kasoro ya fani na ya maudhui kwa pamoja.

Ili hoja isielee hewani, tumeiweka Mavivi, kaskazini mwa mji wa Beni, Kivu ya Kaskazini, kando ya barabara iendayo Oicha. Huko Kinande ni lugha ya nyumbani kwa wengi, na Kiswahili ni lugha ya sokoni, ya safari, na aghalabu ya ibada. Tangu Oktoba 2014 eneo la Beni limekumbwa na mfululizo wa mauaji ya raia. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2018 hadi 25 Juni 2020 Kivu ya Kaskazini na Ituri zilipambana na Ebola, iliyoua watu 2,287. Tarehe 15 Januari 2023 bomu lililipuka ndani ya kanisa la Kipentekoste huko Kasindi, mpakani na Uganda, waumini wakiwa ibadani. Hadhira ya namna hiyo inapoimba juu ya furaha, mhakiki hana budi kuuliza: furaha ipi?

2.0 Msamiati wa furaha

Kiswahili kina maneno mengi katika uwanja huu, nayo hayalingani. Raha ni starehe ya mwili na utulivu. Huja na kuondoka. Shangwe ni furaha yenye sauti, ya watu wengi kwa pamoja. Heri ni hali ya mtu aliyebarikiwa, hata akiwa analia. Ndiyo maana watafsiri wa Biblia walilichagua neno hili kwa yale mafundisho ya Yesu mlimani. Faraja ni nafuu inayokuja baada ya dhiki, na haina maana pasipo dhiki iliyotangulia. Furaha yenyewe huweza kubeba haya yote, na hapo ndipo hatari ilipo: mtunzi mvivu huliacha neno libebe asichokifikiria.

Vilevile tutofautishe milele na kudumu. Milele huvuka mipaka ya wakati. Kudumu ni kustahimili ndani ya wakati, siku baada ya siku. Wimbo unaoipeleka furaha yote kwenye milele humwachia mwimbaji leo tupu. Wimbo unaoahidi kwamba furaha yote iko leo humdanganya. Kudumu ndilo daraja kati ya hayo mawili.

3.0 Urithi wa aina mbili

Nyimbo nyingi zilizomo katika Tenzi za Rohoni ni tafsiri za nyimbo za Ulaya na Marekani. Licha ya jina la kitabu, hazifuati kanuni za utenzi wa pwani, kwani mtafsiri aliongozwa na tuni badala ya vina na mizani. Msimulizi wake kwa kawaida ni mtu mmoja: alipotea, akapatikana, sasa anafurahi. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, uliutia mpangilio huo nguvu mpya. Katika mikutano yake toba ilitamkwa hadharani, na wimbo wa shangwe ukafuata. Hapo furaha ina gharama: mtu ameungama mbele ya jirani aliyemkosea. Tatizo huzuka wimbo unapobaki na toba ikaondolewa. Kinachosalia ni mkarara mtamu usio na kisa.

Urithi wa pili ni wa ushairi wa Kiislamu wa pwani. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ya mapema karne ya 19, humkemea moyo wa mshairi kwa kuupeleka kwenye magofu ya Pate: majumba yaliyojaa taa na vyombo vya thamani sasa yamebaki makao ya popo na ndege. Kisha humpeleka kaburini na kwenye adhabu. Ni kweli kwamba utenzi huo humwacha msikilizaji na hofu zaidi kuliko matumaini. Lakini una uaminifu ambao nyimbo nyingi za injili hazina: hauruki magofu. Mathias Mnyampala, Mkatoliki wa Ugogo aliyezitia Injili na Zaburi katika utenzi, alionyesha kwamba bahari hiyo ya pwani huweza kubeba imani ya Kikristo pia.

4.0 Mpanzi anayelia

Chanzo cha Kikristo chenyewe hakiruki magofu. Waraka kwa Wafilipi, unaorudia furaha pengine kuliko waraka mwingine wowote wa Paulo kwa urefu wake, uliandikwa na mfungwa. Zaburi ya 126 ina taswira ya mpanzi anayepanda akilia na kuvuna akishangilia. Mwimbaji wa mjini huichukua kama sitiari. Kwa mkulima wa Mavivi, machozi ya mpanzi yana maana ya moja kwa moja: wakulima wa eneo hilo wameuawa katika mashamba ya kakao na mihogo, na wengine wameyakimbia mazao yakiwa tayari. Taswira ile ile, katika hadhira hii, imekuwa karibu taarifa.

Kwa hiyo korali ya huko inayoimba furaha inachagua kati ya njia mbili. Ya kwanza ni kuazima wimbo wa ushindi na mali uliotungwa kwa ajili ya mji wenye amani. Ya pili ni kumtaja mpanzi, shamba na waliokufa, kisha kuifikia shangwe kwa kupitia hapo. Njia ya pili ni ngumu, lakini ndiyo pekee inayolipa neno kudumu maana yake. Pia huhitaji nafsi ya wingi: sisi tuliobaki, badala ya mimi niliyefanikiwa.

5.0 Hitimisho

Wanaoita furaha hii kasumba wanakosea wanapoihukumu yote kwa kigezo kimoja. Kasumba hutuliza maumivu kwa kuyasahaulisha. Wimbo bora wa furaha huyakumbuka kwa majina. Kigezo tunachopendekeza kwa mhakiki ni hiki: je, wimbo huu ungeweza kuimbwa matangani, mbele ya mama aliyefiwa, bila kumwonea? Ukiweza, furaha yake ni ya kudumu. Usipoweza, ni raha tu, nayo raha hupita.