Kichocho cha Pwani na Kichocho cha Ziwa: Neno Moja, Maradhi Mawili

Neno la tiba lina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kumtambulisha mtaalamu ugonjwa anaoushughulikia, asije akauchanganya na mwingine. Kazi ya pili ni kumwezesha mgonjwa kujijua kwamba anaumwa, na anaumwa nini. Neno laweza kuitimiza vema kazi ya kwanza likashindwa katika ya pili. Nalo likishindwa katika ya pili, mgonjwa hamfikii mtaalamu.

Katika makala haya tunakusudia kulipima neno moja, kichocho, jinsi linavyotumika mkoani Mwanza na katika mwambao wa Ziwa Viktoria, pamoja na maneno machache yanayofuatana nalo katika maelezo ya afya. Hoja yetu ni kwamba neno hili ni zuri na lina asili njema, lakini limesafiri kutoka pwani hadi ziwani bila kubadilishiwa fasili. Na kosa hilo la fasili si la vitabuni tu, bali linagusa uhai wa watu.

1. Desturi ya lugha katika kutaja maradhi

Tangu zamani Kiswahili kimeyapa maradhi majina kwa kufuata kile anachokiona au anachokisikia mgonjwa mwenyewe. Kichomi kimetokana na kitenzi choma, kwa kuwa mgonjwa husikia kama anachomwa ubavuni. Kikohozi kimetokana na kohoa, malale na lala, kipindupindu na pindua. Hata baadhi ya maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu yana tabia iyo hiyo. Safura, ambayo leo ni jina la ugonjwa uletwao na minyoo wanyonyao damu utumboni, asili yake ni neno la rangi ya manjano, yaani rangi aliyoonekana kuwa nayo mgonjwa.

Sayansi ya kisasa hufuata njia nyingine. Yenyewe hutaja kisababishi cha ugonjwa, au mtu aliyekigundua. Mwaka 1851, mjini Cairo, daktari Mjerumani Theodor Bilharz aliwagundua minyoo waishio katika mishipa ya damu ya binadamu, na kwa jina lake ugonjwa ukaitwa bilhazia. Wataalamu wengine hupendelea jina la mnyoo wenyewe, shistosoma, lililoundwa kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya mwili uliopasuka. Majina hayo mawili hayamwambii mgonjwa lolote juu ya hali yake, lakini yana faida moja: hayafungwi na dalili. Dalili iwepo, isiwepo, jina halibadiliki.

Tofauti ya njia hizi mbili ndiyo chanzo cha tatizo letu.

2. Kichocho cha pwani

Kwa umbo lake, neno kichocho linaelekea kutokana na kitenzi chocha, yaani kuchokora kwa kitu chenye ncha, kama kificho kilivyotokana na ficha na kizibo na ziba. Kitenzi hicho ndicho tunachokiona pia katika kuchochea moto. Ikiwa ndivyo, basi jina linataja maumivu ya mtu anayesikia kama anachokorwa ndani wakati wa kukojoa.

Jina hilo liliufaa ugonjwa wa pwani. Katika visiwa vya Unguja na Pemba, kichocho kinachoambukizwa huko ni kile cha njia ya mkojo. Mayai ya mnyoo hutoboa kuta za kibofu, na damu huonekana katika mkojo. Mtu wa huko aliposema ana kichocho, alimaanisha kwamba anakojoa damu kwa uchungu, naye alisema kweli. Neno na ugonjwa vikashikamana, na fasili iliyozoeleka ikawa hiyo: kichocho ni ugonjwa wa kukojoa damu.

3. Kichocho cha ziwa

Mwanza ni mahali pafaapo sana kulipima neno hili, kwa sababu maradhi yote mawili yapo, tena yametengana kwa ardhi. Ukienda bara ya mkoa, katika sehemu za Misungwi na Kwimba, penye malambo, majaruba ya mpunga na madimbwi ya mvua, utakikuta kichocho cha mkojo. Ukishuka ziwani, na ukivuka kwenda Ukerewe na Ukara, ugonjwa ulioenea ni mwingine. Mnyoo ni wa jamii moja na yule wa bara, lakini si yeye. Hata konokono anayemhifadhi ni wa aina nyingine. Huyu wa ziwani huishi katika mishipa ya damu inayozunguka utumbo, na mayai yake hutoka kwa njia ya choo kikubwa. Jambo hili si geni kwa wataalamu. Mji wa Mwanza ulikuwa na kituo cha utafiti wa tiba tangu siku za ukoloni, na leo una kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979.

Mgonjwa wa ziwani, basi, hakojoi damu. Aweza kukaa miaka mingi akisikia tumbo likimsokota mara kwa mara, akiharisha, pengine akiona damu kidogo chooni, au asisikie lolote. Mayai yanayobaki mwilini huchukuliwa na damu hadi kwenye ini, na polepole hulitia makovu. Wengu huvimba, tumbo hujaa maji, na mishipa ya umio hufura hata ikapasuka, mtu akatapika damu. Huo ndio mwisho wa kichocho ambacho hakikutibiwa, na haufanani hata kidogo na jina lake.

Sasa tumwulize mvuvi wa dagaa, ambaye maji ya ziwa humfika mapajani kila siku: "Je, una kichocho?" Ikiwa kichocho ni kukojoa damu, atajibu kwamba hana, wala hatakuwa amesema uongo. Amejibu sawasawa kwa mujibu wa lugha tuliyomfundisha. Mzazi aliyefundishwa fasili hiyo hiyo ataona ajabu mwanawe akipewa vidonge shuleni kwa ugonjwa asiokuwa nao. Na siku tumbo litakapojaa maji, ukoo utatafuta jina jingine la ugonjwa, na pengine mtu wa kulaumiwa.

Huenda mtu akatupinga kwa kusema kuwa dawa ya prazikwanteli hutibu aina zote mbili, hivyo hapana haja ya kuzitenga kwa maneno. Hoja hiyo haitoshi. Kwanza, dawa haimfai asiyeimeza, na asiyejijua kuwa mgonjwa haoni sababu ya kuimeza. Pili, njia ya kuzuia si moja. Bara tunamkataza mtoto asikojoe katika lambo. Ziwani katazo hilo peke yake halisaidii, kwa kuwa neno lililotakiwa kusemwa ni choo. Tatu, vipimo hutofautiana: mmoja hupimwa mkojo, mwingine choo.

4. Maneno yanayofuatana nalo

Kosa la fasili huvuta makosa mengine. Maelezo yaliyozoeleka humwonya msomaji ajihadhari na maji yaliyotuama. Onyo hilo lafaa penye madimbwi. Lakini nani aishiye Kirumba au Kayenze atasema kwamba ziwa limetuama, naye huyaona mawimbi asubuhi na jioni? Hatari ya ziwani imo ukingoni, penye majani na konokono, ambapo watu huoga, hufua, huteka maji na kuegesha mitumbwi. Yafaa kuandikwa hivyo hivyo.

Kadhalika neno safi. Tumezoea kusema "maji safi na salama" kwa pumzi moja, hata maneno mawili yakawa kama moja. Lakini safi, kwa asili yake, ni kile kisicho na taka. Salama ni kile kisicho na madhara. Maji ya ukingoni yaweza kuwa maangavu, chini ukaona mchanga, na bado yasiwe salama. Mfasiri asiliruhusu neno la kwanza limeze la pili.

Tatu ni neno viluwiluwi, linalotumiwa na baadhi ya waandishi kwa vijimelea vitokavyo katika konokono na kupenya ngozi. Viluwiluwi anavyovijua msomaji ni vile vya mbu na chura, ambavyo huonekana. Akichungulia majini asivione, ataingia. Neno kimelea ni bora zaidi. Limetokana na melea, yaani kumea juu ya kingine, na linaonyesha barabara maisha ya kiumbe huyu. Liongezewe tu maelezo kwamba vimelea hivi havionekani kwa macho.

5. Mapendekezo

Wako wanaoona kwamba dawa ya matatizo haya ni kuliacha neno kichocho na kushika bilhazia au shistosoma. Hatukubaliani nao. Neno kichocho linajulikana na watu wengi, na kuliondoa ni kumnyang'anya mwananchi neno alilo nalo ili kumpa asilo nalo. Kilichopungua si neno bali kivumishi chake na fasili yake. Tunapendekeza yafuatayo.

Kwanza, kichocho kifasiliwe kwa kisababishi: ugonjwa uletwao na minyoo wa jamii ya shistosoma, waishio katika mishipa ya damu na kumwingia mtu kwa njia ya ngozi akiwa majini. Kukojoa damu kutajwe kuwa dalili ya aina mojawapo tu.

Pili, ziwepo istilahi mbili, kichocho cha mkojo na kichocho cha tumbo. Wengine huandika kichocho cha utumbo. Sisi tunapendelea tumbo, kwa kuwa ini na wengu havimo utumboni, lakini vyote vimo tumboni, nako ndiko mgonjwa anakoonyesha kwa mkono.

Tatu, kwa kuwa mnyoo wa kichocho cha mkojo hudhuru pia via vya uzazi vya mwanamke, na dalili zake huweza kudhaniwa kuwa za magonjwa ya zinaa, kichocho cha via vya uzazi kitajwe kwa jina lake kamili, ili mwanamke asihukumiwe kwa upungufu wa neno.

Hapana sababu ya kuogopa kwamba watu hawatapokea. Ng'ambo ya ziwa hili, mkoani Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walitambuliwa mwaka 1983, watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la kitambaa. Neno ukimwi, lililofupisha upungufu wa kinga mwilini, lilikuja baadaye, nalo kwa kuwa lilieleza kinachotokea ndani ya mwili, likaenea nchi nzima. Walimu wa shule za mwambao, wafasiri wa vijitabu na watumishi wa halmashauri waweza kuanza na vivumishi viwili tu: cha mkojo, cha tumbo. Mvuvi akiulizwa tena, aulizwe juu ya tumbo lake.