Hisa 1,000 Zilizoitawala Sloane Avenue

Mabishano juu ya jengo la 60 Sloane Avenue, London, kila mara huishia kwenye swali la nani alikula. Mimi nabaki kwenye hesabu. Kosa kubwa kuliko yote katika biashara ile ni hati iliyotiwa saini Novemba 2018, na mhasibu makini asingeipitisha.

Sekretarieti Kuu ya Vatican ilikuwa imeuchoka mfuko wa mfanyabiashara Raffaele Mincione uliokuwa na sehemu ya jengo hilo, ambako iliweka takriban dola milioni 200. Ikakubali kumlipa pauni milioni 40 ili itoke na jengo lote. Kutoka kulikuwa sahihi. Ila jengo halikuja mikononi mwa Vatican. Lilipitishiwa Gutt, kampuni ya Luxembourg ya dalali Gianluigi Torzi. Gutt ilikuwa na hisa 31,000. Vatican ikapewa 30,000, Torzi akabaki na 1,000.

Ukiangalia harakaharaka utafurahi: karibu asilimia 97! Sasa fungua kipengele cha haki za wanahisa. Zile 30,000 hazina kura hata moja. Kura zote zimo kwenye zile 1,000. Kuuza jengo, kulikopea, kuteua wakurugenzi, yote yakawa ya Torzi. Aliyetoa fedha akawa hana kauli. Mei 2019 Vatican ikalipa euro milioni 15 ili ipate kura za jengo ambalo ilikwisha kulilipia.

Parokia zetu nyingi haziruhusu hundi itoke benki kwa saini ya mtu mmoja, hata kama ni ya kununua mabati. Hati ya Gutt ilitiwa saini na monsinyori wa ofisi ya utawala. Na mkaguzi mkuu? Nimelisema hili mara nyingi na sitaliacha: Libero Milone, mkaguzi mkuu wa kwanza wa Vatican, aliondoka Juni 2017, mwenyewe akisema amelazimishwa. Mwaka 2018 kiti chake kilikaliwa na kaimu. Kabla ya hapo, Aprili 2016, ukaguzi wa kampuni ya PwC ulisimamishwa miezi michache tu baada ya kuanza. Kardinali Pell, mkuu wa uchumi wa Vatican wakati huo, aliyeuleta, alikuwa mkali, hakupendwa, na alikuwa sahihi: mwaka 2014 alisema wazi kwamba kuna mamia ya mamilioni ya euro yasiyoonekana kwenye mizania.

Watakaosema Kanisa halina uzoefu wa mambo ya London wamsome Bernardino Nogara. Mlei huyu alikabidhiwa na Papa Pius XI fedha za Mkataba wa Lateran wa 1929, lire milioni 750 taslimu pamoja na hati za dhamana za bilioni moja. Naye aliwekeza kwenye majengo London, naye alipitia Luxembourg, kwa kampuni ya Grolux. Lakini usukani ulibaki Vatican.

Benki ya Vatican, IOR, ilifanya vema mwaka 2019 kukataa kuikopesha Sekretarieti na kupeleka malalamiko, na uamuzi wa Papa Fransisko wa Desemba 2020 kuhamishia fedha za Sekretarieti APSA, ofisi ya mali ya Vatican, ulikuwa mzuri. Jengo liliuzwa kwa hasara mwaka 2022, kwa pauni milioni 186. Wanaotuambia hasara ile ni ya soko watueleze kwanza zile euro milioni 15 zilinunua tofali gani.