Fundo la Bandeji

Mbwa koko aliyegongwa na gari haji kwa anayemwita. Hujikokota hadi mtaroni au chini ya meza ya muuza mkaa, akajibanza huko na kuonyesha meno. Mpita njia mmoja atasema mwacheni afe, mwingine atatafuta jiwe, na mwenye huruma atanyoosha mkono ampapase kichwani, ang'atwe. Huruma haimwambii mtu pa kushika. Kwa hiyo sifa zangu leo nawapa wale wachache, Dar es Salaam na kwingineko, waliojifunza kumshika mbwa mwenye maumivu.

Mtazame mmoja wao akifika. Haendi moja kwa moja. Huja kwa ubavu, hamkodolei mnyama macho, na hatua chache kabla ya kumfikia huchutama akanyamaza. Watazamaji huchoka haraka. "Kaka, humbebi?" Hajibu. Anamsoma: masikio yamelazwa nyuma, mkia umebanwa tumboni, weupe wa macho unaonekana pembeni, ulimi unalambalamba midomo. Huyo ana hofu, na mwenye hofu hupewa muda. Lakini mbwa akichuruzika mate, akipepesuka na kung'ata hata fimbo, fundi hurudi nyuma na kuwaondoa watoto, maana huenda ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo, dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Fundi mwenyewe huwa amechanjwa mapema. Asiyechanjwa asimame kando.

Kisha linakuja lile ninalolipenda kuliko yote, yaani fundo. Bandeji ya mita moja hivi, au upande wa kanga kuukuu, hufanyiwa kitanzi kikubwa. Kitanzi hupitishwa mdomoni kwa mkono uliokaa mbali, kikakazwa juu ya pua. Ncha zikapishana chini ya taya, zikapelekwa nyuma ya masikio na kufungwa kwa namna ambayo mvuto mmoja unafungua. Kikilegea, meno yako tayari. Kikibana mno, mbwa atashindwa kuhema, na kuhema ndiko kunakompoza mwili. Jua la saa saba halina mzaha. Anayetapika au kupumua kwa shida hafungwi kabisa. Haya yote hufanyika kwa muda mfupi, mikono ikienda bila papara, na nimewahi kuona mbwa akitulia palepale, amefungwa hivyo, akimtazama tu aliyemfunga.

Hapo hainuliwi kwa miguu. Ubao au mkeka husukumwa chini yake, kwani uti wa mgongo huenda umevunjika. Fundi hufunua mdomo wa juu kwa pembeni na kubonyeza ufizi: rangi ya waridi ikirudi ndani ya sekunde mbili, kuna nafasi ya kuosha vidonda. Ufizi ukiwa mweupe pe, huenda damu inavuja ndani, na kilichobaki ni kuita bajaji na kuwahi kwa daktari wa mifugo. Joto la mwili lisimtishe mgeni wa kazi hii, maana mbwa mzima huwa na nyuzi 38 hadi 39.

Kidonda huoshwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Spiriti huunguza nyama mbichi. Ibuprofeni, ambayo wengi wetu tunayo kabatini, huharibu tumbo na figo za mbwa. Funza nao hutolewa kwa kibano, mmoja mmoja, kazi ya kunuka inayokula mchana mzima.

Sisi wa pwani tuna neno letu hapa. Tumelelewa tukijua mate ya mbwa ni najisi, na wafuasi wa Imamu Shafi huosha mara saba, moja kwa udongo. Sawa, fundi ataosha. Madrasani tulifundishwa pia habari za mtu aliyeshuka kisimani akateka maji kwa kiatu chake, akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, ila sijamwona askari akishika bandeji.

Wapo mbwa wasiopona, na kukubali daktari amlaze usingizi wa mwisho ni sehemu ya ufundi huu. Wapo wanaokatwa mguu na baada ya wiki kadhaa wanakimbiza pikipiki kwa mitatu iliyobaki, wakirudi mtaani kwao wamechanjwa na kuhasiwa.

Dereva, ukimgonga, simama umtafute daktari wa mifugo. Na yeyote atakayeng'atwa akisaidia, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kuulizia chanjo.