Kura Chache, Viti Vingi: Hesabu ya MoDem

Juni 2007 chama cha MoDem cha Ufaransa, kikiwa ndiyo kwanza kimetangazwa, kilipata asilimia 7.6 ya kura katika duru ya kwanza ya uchaguzi wa wabunge. Viti kilivyoambulia vilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Miaka 10 baadaye kura zake zilishuka hadi asilimia 4.1, na kikaingia bungeni na wabunge 42. Si kwamba kilipendwa zaidi. Safari hii kiliachiwa majimbo.

Bunge la Ufaransa lina majimbo 577, kila jimbo mbunge mmoja, kwa duru mbili. Asipopatikana mshindi mapema, duru ya pili huingia wawili wa juu, pamoja na yeyote aliyefikisha asilimia 12.5 ya walioandikishwa. Walioandikishwa, si waliopiga kura. Mwaka 2007 waliojitokeza walikuwa kama asilimia 60, kwa hiyo kizingiti hicho kilitaka karibu asilimia 21 ya kura zilizopigwa. Chama cha mrengo wa kati chenye asilimia 7 au 8 huku na kule kinafia mlangoni.

Wabunge wa UDF, chama kilichoizaa MoDem, waliijua hesabu hiyo. Kiongozi wao, François Bayrou, alishika nafasi ya tatu katika kinyang'anyiro cha urais kwa asilimia 18.6, akakataa kumuunga mkono Nicolas Sarkozy, mgombea wa mrengo wa kulia. Wengi wao wakamhama, wakaunda Nouveau Centre chini ya Hervé Morin na kuingia kambi ya Sarkozy, iliyowaachia majimbo. Wakapata asilimia 2.4 tu ya kura, na viti zaidi ya 20. Waite wasaliti ukipenda. Kwenye hesabu hawakukosea.

Bayrou alilipia msimamo wake wa kusimama peke yake mwaka 2012. Alisema angempigia kura François Hollande, mgombea urais wa Wasoshalisti, mrengo wa kulia ukamnunia, na Wasoshalisti nao hawakumwondoa mgombea wao jimboni mwake. Kiti chake cha nyumbani, Béarn, kikaenda.

Ndiyo maana tarehe 22 Februari 2017 ni ya kuangaliwa kwa makini. Siku hiyo Bayrou alitangaza kwamba hatagombea urais na kumpa mgombea Emmanuel Macron mkono. Mali aliyouza ilikuwa kutogombea kwake, na iliuzwa wakati bei iko juu: duru ya kwanza ya urais wagombea wanne wa mbele walitenganishwa na pointi zisizofika 5. Mei, Macron akiwa ameshinda, orodha ya kwanza ya wagombea ubunge wa Macron ilipotoka, Bayrou aligomba hadharani kwamba watu wake ni wachache mno, na nyongeza akaipata. Kwa maoni yangu siku zile mbili tatu za mabishano zilikuwa na faida kuliko kampeni nzima.

Nguvu ya MoDem bungeni ilichelewa, kwani chama cha Macron peke yake kilikuwa na viti 308 na wingi ni 289. Ni baada ya 2022, wingi ulipopotea, ndipo mshirika mdogo alipoanza kusikilizwa kweli, hadi Bayrou akawa waziri mkuu Desemba 2024.

Cha ajabu, muda wote huo alidai uchaguzi wa uwiano, yaani viti kugawanywa kulingana na kura, utaratibu ambao ungemwondolea haja ya kuachiwa majimbo. Akiwa waziri mkuu aliwaita viongozi wa vyama kuujadili. Septemba 8, 2025 bunge likamnyima imani kwa kura 364 dhidi ya 194, serikali yake ikiwa haijapeleka muswada.