Kisu, Uji wa Mchele na Maji

Ukizipanga pamoja kazi za Serizawa Keisuke, utadhani zimetoka karakana kumi: kimono, mapazia ya mlangoni, viambaza vya kukunja, pepeo za mkono, kalenda, hata kitabu cha picha cha Don Quixote. Mjapani huyu alizaliwa Shizuoka mwaka 1895, akafariki 1984, na nyingi ya kazi hizo alizipitisha njia moja: kiolezo cha karatasi.

Karatasi yenyewe hutokana na gome la mforosadi. Shiti kadhaa hugandishwa kwa maji makakasi ya tunda la kaki, zikawa ngumu, za kahawia, zisizolegea zikilowa. Hapo fundi huchora, kisha hukata kwa kisu chembamba. Lazima afikiri kinyume: tundu ndilo litakalobaki jeupe, na karatasi iliyosalia ndiyo itakayokuwa rangi. Vipande vya katikati visidondoke, huviachia vidaraja vyembamba. Akishabandika wavu wa hariri, huvikata vidaraja hivyo.

Kiolezo hulazwa kwenye kitambaa, na mwiko bapa husambaza uji mzito wa unga wa mchele wa kunata na pumba, ili rangi isipenye ulipo. Fundi wa batiki angeitambua kazi hii mara moja, ila yeye hutumia nta. Kiolezo huinuliwa, husogezwa, hulazwa tena, ukingo kwa ukingo, jora zima la kimono, na jicho lisione kiungo. Mimi hatua hii hunitia hofu. Mkono ukitetereka kidogo tu, jora limeharibika.

Uji ukikauka, kitambaa huvutwa kwa fito za mwanzi, kikapakwa maji ya soya ili rangi ishike. Ndipo brashi huingia, rangi moja baada ya nyingine. Wingi huo wa rangi Serizawa aliupenda katika bingata, vitambaa vya rangi vya kiolezo vya Okinawa, alikokwenda kujifunza mwaka 1939.

Kwa desturi, mchoraji, mkata kiolezo na mtia rangi walikuwa watu mbalimbali. Serizawa alizishika kazi zote tatu, na mwaka 1956 serikali ikamtangaza hazina hai ya taifa.

Mwisho kitambaa huloweshwa. Hakisuguliwi kwa nguvu. Huachwa majini hadi uji ulainike na kuachia wenyewe. Weupe hujitokeza polepole, na fundi huuona kwenye nguo, kwa mara ya kwanza, mstari alioukata kwenye karatasi siku nyingi nyuma.