'Mansplaining' si 'ufafanuzi wa wanaume'

Msomaji mmoja ametaka kujua Kiswahili cha 'mansplaining'. Amekutana na tafsiri 'ufafanuzi wa wanaume' na haikumridhisha. Wala mimi hainiridhishi. Mwanamume akifafanua jambo ana kosa gani? Mimi hulipwa kwa kazi hiyo hiyo! Kinachoshutumiwa ni mwanamume kumweleza mwanamke, kwa sauti ya kumshusha, jambo ambalo mwanamke huyo analijua, pengine kumliko.

Asili yake ni Marekani. Mnamo 2008, mwandishi Rebecca Solnit alichapisha insha akisimulia jinsi mwenyeji wao katika sherehe moja alivyomhubiria kuhusu kitabu muhimu juu ya mpigapicha Muybridge. Ilibidi rafikiye Solnit arudie mara kadhaa kwamba mwandishi wa kitabu hicho ndiye huyo aliyekuwa akihubiriwa. Neno lenyewe halimo katika insha hiyo; lilizuka mitandaoni baadaye kidogo. Kufikia 2014, kamusi ya Macquarie ya Australia ililiteua kuwa neno la mwaka.

Kimuundo, ni uhulutishaji: 'man' na 'explain' yamemegwa na kuunganishwa, jinsi tulivyopata 'chajio' kutokana na chakula cha jioni.

Sasa tutazame kitenzi chetu 'eleza'. Kinatokana na 'elea', yaani kuwa wazi kwa mtu. Tunasema, "Jambo hili linanielea." Kueleza basi ni kulifanya jambo limwelee mtu. Je, ikiwa lilikwisha kumwelea zamani? Mhandisi wa kike anapofundishwa kikaoni jinsi daraja alilolichora mwenyewe linavyosimama, hapo hapana maelezo yoyote. Pana dharau tu, na dakika zake za kuzungumza zimeliwa.

Wapo watakaosema 'ujuaji' linatosha. Lakini ujuaji hauna jinsia. Hata shangazi yangu alikuwa mjuaji kupindukia. Maadamu 'mfumodume' limekwisha kukubalika, napendekeza 'ujuajidume'. Litaingia ngeli ya U bila taabu: ujuajidume wake umezidi.

Kitenzi ndicho kigumu. Wanafunzi wangu hawajasubiri wasomi: "Prof, huyu ameanza kunimansplainia." Sauti haipendezi masikioni mwangu, ila kile kiambishi cha kutendea wamekipachika barabara.