Mpaka Unaosomwa kwa Macho

Ukisimama juu ya vilima vya mchanga karibu na Ras Ngomeni, pwani ya Kenya, bahari imekupwa, Ghuba ya Ungwana inajifungua yote mbele yako. Maji ya ufuoni yana rangi ya chai ya maziwa kwa tope la mito, mbele kidogo ni ya kijani, na huko mbali imesimama miguu ya chuma ya majukwaa mawili, San Marco na Santa Rita, yaliyosimikwa na Waitaliano miaka ya 1960. Huoni ua wala kigingi. Ila mvuvi wa hapa akitazama maji hayo hayo, anaona mahali palipogawanywa kama mashamba: huku pa jarife, huku pa mshipi, pale njia ya mashua, na kule mwamba ambao mgeni ataujua siku wavu wake utakaponasa.

Ninapenda sana kumtazama nahodha akitafuta mahali pake. Hashiki chombo chochote. Anageuka kuelekea bara, anatafuta alama ya karibu, mvinje mmoja mrefu labda, na nyuma yake alama ya mbali, kilele cha kilima cha mchanga. Mashua inakwenda polepole mpaka mvinje na kilele visimame pamoja, kimoja kikikifunika kingine. Hapo amepata mstari. Kisha anageuza shingo upande wa pili na kutafuta jozi nyingine, na mara nyingi mguu wa jukwaa ni mojawapo ya alama zake. Jozi ya pili inapokaa sawa, mistari miwili imekutana chini ya mashua, naye anatupa nanga. Tope linaloganda kwenye nanga linamthibitishia: likiwa laini na jeusi yuko mahali wanapokaa kamba, likiwa na chembe za mchanga amepitiliza. Sijaona upimaji ulio mtulivu zaidi ya huo. Chuma kilichojengwa ili kurusha setilaiti kimekuwa kwake sawa na mti wa ufuoni.

Nimeanza na yeye kwa sababu kazi inayoitwa leo upangaji wa matumizi ya bahari, ambayo serikali nyingi zimeishika kwa nguvu (Shelisheli ilikamilisha mwaka 2020 hatua ya kuhifadhi asilimia 30 ya bahari yake), inapofanywa vizuri huwa ni kazi ya kuutoa mstari kwenye jicho la nahodha na kuutia kwenye karatasi bila kuuvunja. Ni ufundi mgumu, na unastahili heshima zaidi ya unayopewa.

Ugumu wake ni kwamba ugawaji wa zamani haukuwa wa mahali peke yake, ulikuwa wa wakati pia. Maji yale yale huwa ya mwenye jarife usiku wa giza na ya mwenye mshipi mchana. Bamvua hufungua mikono ya bahari ndani ya mikoko kwa mitumbwi. Maji mafu huifunga. Kaskazi ikivuma na bahari kutulia, vyombo vidogo hufika mbali. Kusi ikija hurudi kujibanza ndani. Ramani iliyochorwa mara moja, kwa siku moja, inamnyang'anya mtu haki yake ya miezi sita bila mchoraji kujua.

Hata roketi zilifuata desturi hiyo ya kupokezana. Kati ya mwaka 1967 na 1988 zilirushwa hapa mara 9, na mojawapo ilibeba Uhuru, setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Iliruka tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, ndipo ikapata jina. Siku ya kurusha, maji yaliyokuwa chini ya njia ya roketi yalilazimika kuwa matupu. Roketi ikishapita, bahari ilirudi kwa wenyewe.

Mgogoro mkubwa ulitokea pale wakati ulipokosa kugawanywa vizuri. Meli za kukokota nyavu zilikuja kwa ajili ya kamba wa Ungwana, nao kamba hawakai kilindini. Wanakaa penye tope, karibu na midomo ya mito ya Sabaki na Tana, mahali pale pale anapotegemea mwenye mashua. Sheria ilizitaka meli zikae nje ya maili 5 za baharini, lakini nje ya hapo kamba ni haba. Wavuvi walilalamikia nyavu zilizokatwa, na mwaka 2006 meli zikasimamishwa. Mpango wa usimamizi wa kamba wa mwaka 2010 uliporudisha uvuvi huo uliweka mpaka wa maili 3 na msimu wa kufunga, kuanzia 1 Novemba hadi 31 Machi. Msimu ule naukubali kwa moyo wote: huo ni mpango unaojua kalenda. Mpaka wa maili siuamini sana. Tope halihesabu maili. Ningeufuata mstari wa kina na aina ya chini ya bahari, kama nanga inavyofanya.

Upande wa nchi kavu, mabwawa ya chumvi ya Gongoni na Ngomeni yanasubiri maji yale yale. Mfanyakazi wa chumvi naye anaijua bamvua: anaingiza maji, anayahamisha bwawa hadi bwawa, jua na upepo vinayanywa, mpaka ukoko mweupe uonekane. Ni kazi safi kuitazama. Ila kuta za mabwawa zilijengwa palipokuwa na mikoko na mashamba ya watu, na vifaranga vya kamba hukulia kwenye mikoko. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilisikiliza malalamiko ya wakazi wa Magarini, eneo lenye mabwawa hayo, na kutoa ripoti yake mwaka 2006. Kosa ninaloliona ni la mchoraji aliyeishia kwenye alama ya maji kujaa, kana kwamba bahari inaanza hapo, na mwenzake wa baharini akaanzia hapo hapo, wala wasikutane.

Ndiyo maana nilikaa mpaka mwisho siku moja nilipoona kazi hii ya upangaji ikifanywa sawasawa, chini ya makuti, picha ya setilaiti imetandazwa mezani. Mpangaji alikuwa kijana mpole, na alianza kwa kunyamaza. Mzee mmoja mvuvi aliitazama picha, akaishika kwa mikono miwili, akaizungusha mpaka nchi kavu ikawa juu na bahari ikawa upande wa tumbo lake. Ndivyo anavyoiona pwani akiwa chomboni. Yule kijana hakuirudisha. Alizunguka meza, akasimama nyuma ya bega la mzee, na tangu hapo kazi yote ikafanywa kwa picha iliyogeuzwa.

Karatasi angavu zikawekwa moja juu ya nyingine. Jarife kwa rangi ya bluu, mshipi kwa nyekundu, njia za vyombo kwa nyeusi. Mama karanga, wanawake wanaokaanga na kuuza samaki, waliokuwa wamekaa pembeni waliitwa, wakaonyesha wanapopokea samaki na wanapookota kaa. Hakuna aliyekuwa amewauliza kabla. Alama ndogo ikatiwa penye mabaki ya meli ya karne ya 16 yaliyogunduliwa karibu na Ras Ngomeni, yenye pembe za ndovu na vipande vya shaba, ili nanga zipaepuke. Rangi ziliporundikana mahali pamoja, kijana hakutafuta mstari wa haraka wa kuzitenganisha. Aliuliza: mwezi gani? Maji gani? Usiku au mchana? Nusu ya ugomvi ule ilikwisha kwa maswali hayo, kwa sababu wenyewe walikuwa hawakutani majini.

Mwisho walipaswa kuandika mpaka wa sehemu itakayopumzishwa. Kijana alisoma nambari za longitudo na latitudo, mzee akasikiliza kwa adabu, kisha akaomba kalamu, asaidiwe kuandika alama zake. Kwenye karatasi ile kuna safu mbili. Ya kushoto ni nambari. Ya kulia inasema: mvinje mrefu ukae juu ya kilima cha pili, na mguu wa kusini wa jukwaa uguse ncha ya ras.